Barua Iliyomfikia Baba Hapa Njoro

Baba ana sanduku la bati chini ya kitanda, lile la samawati ambalo wanafunzi wa bweni walikuwa wakienda nalo shule. Humo ameweka vyeti vyake, risiti zetu za karo na hati ya shamba. Mwaka juzi tulikuwa tunaitafuta hati hiyo nilipokuta bahasha ya kaki ambayo sikuwahi kuiona. Ndani mlikuwa na barua ya kurasa nne, imepigwa taipu kwa Kiingereza, mikunjo yake imeanza kukatika. Ilitoka kwa chuo kimoja kilichokuwa kikifundisha kwa njia ya posta, na ilimwambia Baba, mwalimu wa shule ya msingi hapa Njoro, kwamba angeweza kuwa mhasibu bila kuacha kufundisha.

Nilikaa sakafuni nikaisoma mpaka mwisho, hati ya shamba nikaisahau. Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi ya kuandika matangazo mjini Nakuru kwa miaka mitatu: ya saluni, ya nyumba za kupangisha, ya maduka ya pembejeo. Sikuwa nimeandika hata moja lililomshika mtu namna ile. Barua haikuanza na chuo. Ilianza na mtu anayefika kazini kabla ya wenzake na kutoka wa mwisho, na kila orodha ya waliopandishwa vyeo ikibandikwa ukutani anasoma majina ya wengine. Jina la chuo lilitokea ukurasa wa pili, tena chini.

Nikamuuliza Baba kama alilipa.

"Nililipa," akasema.

Alituma hawala ya posta. Masomo matatu yakaja, kila moja na maswali yake ya kujibu. La nne halikuja. Akaandika mara mbili kuuliza, kimya. Akaendelea na chaki zake hadi akastaafu. Nikamuuliza kwa nini basi ameitunza miaka yote hiyo barua ya watu waliokula pesa yake.

"Aliyeiandika alikuwa ananijua, mwanangu. Hatukuwahi kuonana, lakini alikuwa ananijua."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira na wale watu, na papo hapo nilitaka kujua walichokijua. Ndiyo maana nikaanza kuzitafuta barua za mauzo za zamani, zile zilizotumwa kwa posta, hasa za Marekani ambako kazi hii ilikua ikakomaa.

Chanzo chake ni umbali. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alituma karatasi moja yenye orodha ya bidhaa na bei zake kwa wakulima wa mashambani, watu waliokuwa wakinunua kwa mwenye duka mmoja tu na kwa bei aliyoitaka yeye. Mkulima hakumjua Ward, hakuiona bidhaa, na alitakiwa kutoa pesa kwanza. Mwaka 1875 Ward akaongeza ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Mtu aliyewahi kutuma pesa kwa M-Pesa kwa muuzaji wa Facebook asiyemjua anaielewa hofu ya mkulima yule bila kufafanuliwa.

Barua hizo zina faida moja kubwa kwa anayejifunza: zilihesabiwa. Bango la barabarani hujui limeuza nini. Lakini kuponi ya posta, kile kipande cha kujaza na kurudisha, iliwekewa alama yake, pengine namba ya idara ambayo kwa kweli haikuwepo, ili ikirudi ijulikane imezaliwa na tangazo lipi. Barua isiyoleta oda ilitupwa. Iliyoleta ilitumwa tena, na tena. Kwa hiyo ukikuta barua iliyotumwa miaka mingi, ujue wenyewe hawakuipenda kwa maneno yake matamu. Ilikuwa inarudisha gharama ya stempu na faida juu.

Ile inayotajwa kuliko zote ni ya Martin Conroy, mwandishi wa barua za mauzo, aliyoliandikia gazeti la The Wall Street Journal la Marekani ili kulitafutia wasomaji. Ilitumwa kwa zaidi ya robo karne, hadi mwaka 2003, kwa marekebisho madogo tu. Inaanza na vijana wawili waliohitimu chuo kimoja, alasiri moja nzuri, miaka ishirini na mitano iliyopita. Wamefanana kwa mengi. Wanarudi chuoni kwa mkutano wa wahitimu na bado wanafanana: wote wameoa, wote wana watoto watatu, wote wanafanya kazi kampuni moja. Ila mmoja ni meneja wa idara ndogo, na mwingine ndiye rais wa kampuni.

Hadithi ya wawili waliotoka mahali pamoja wakaishia pawili ni kongwe. Kuna tangazo la mwaka 1919 la Alexander Hamilton Institute, taasisi ya Marekani iliyouza masomo ya biashara, lililotumia vijana wawili waliokwenda vitani, na bibi zetu walikuwa nazo nyingi kabla ya hapo. Sikushangazwa na hadithi. Kilichonishangaza nilikiona mara ya nne nilipokuwa nikiinakili kwa mkono ili nijifunze: barua haisemi popote kwamba yule rais alikuwa msomaji wa gazeti hilo. Haisemi! Inauliza tofauti yao imetoka wapi, inajibu kwamba ni maarifa na namna ya kuyatumia, kisha inasema gazeti lipo ili kuwapa wasomaji maarifa. Kiungo cha mwisho anakifunga msomaji mwenyewe, kichwani mwake. Na karibu na mwisho mwandishi anakiri kwamba hawezi kuahidi mafanikio ya papo kwa papo. Anaahidi tu kwamba gazeti litapendeza, litaaminika na litafaa.

Nimeitazama sana barua hiyo na bado nina mawazo mawili. Hakuna uongo ndani yake. Lakini nikimuuliza aliyeisoma, ataniambia rais alisoma gazeti.

Ushauri wa kunakili kwa mkono si wangu. Gary Halbert, mwandishi mwingine wa barua za mauzo, aliutoa katika barua alizomwandikia mwanawe mwaka 1984 akiwa gerezani Boron, California. Chukua barua iliyofanikiwa, uiandike neno kwa neno kwa kalamu. Nilinunua madaftari mawili ya kurasa 96, nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri kabla simu hazijaanza. Nilifanya hivyo miezi minne. Jicho huruka. Mkono haurukii kitu. Unapolazimika kuandika sentensi ya maneno matano baada ya sentensi ya maneno thelathini, unahisi kwenye kidole mahali mwandishi alipovuta pumzi. Unaona pia kwamba ukurasa mara nyingi unakatika katikati ya sentensi, ili usiweze kuishia hapo.

Barua ya Halbert mwenyewe, ile ya mwaka 1971 kuhusu nembo za ukoo, zile alama za ngao za familia za Ulaya, niliinakili mara mbili nikaiacha. Ni ukurasa mmoja. Inamwambia mpokeaji, kwa jina lake la ukoo, kwamba jina hilo lilisajiliwa pamoja na nembo karne nyingi zilizopita, na inampa nafasi ya kupata ripoti yake kwa dola 2. Imetiwa sahihi na jina la mkewe, kama barua ya jirani. Kila kitu humo kimepimwa ili bahasha isitupwe. Lakini kwa desturi za nembo za Uingereza, nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi jina. Wawili wanaoitwa Smith si lazima wawe na lolote la kushirikiana. Nilipofika hapo nikamkumbuka Baba akiingoja bahasha ya somo la nne, nikafunga daftari siku hiyo.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna Mmarekani angenifanyia: kuyahamishia hayo yote kwenye Kiswahili chetu.

Wao husisitiza neno lao la kumtaja msomaji, "you", na hulihesabu. Nilipojaribu hivyo, tangazo langu la kwanza lilijaa "wewe": wewe mkulima, wewe mama, je, wewe unajua. Nikamsomea dada yangu, akaniuliza nani amemkosea mwandishi. Kweli. "Wewe" ikisimama peke yake kwa Kiswahili huwa inakemea. Ndiyo anayoitiwa mtoto aliyepanda juu ya meza. Msomaji wetu anakaa ndani ya kitenzi: utaona, umechoka, tutakuletea, kuku wako. Ukimweka hapo amekaa raha na ametajwa mara ishirini bila kunyooshewa kidole. Kosa letu kubwa ni kumgeuza umati. "Wateja wetu wapendwa, tunapenda kuwatangazia kwamba tumewaletea..." Hakuna mtu anayesoma barua akiwa wateja. Anaisoma akiwa mmoja, amesimama mlangoni, pengine ameshika ndoo.

Halafu salamu. Barua za Kimarekani huingia moja kwa moja, na nilidhani nami nifanye hivyo. Lakini sisi tuliosoma insha ya barua ya kirafiki tumezaliwa na "natumai u buheri wa afya" na "lengo kuu la kukuandikia waraka huu". Barua isiyo na salamu, kwa mtu wa umri wa mama yangu, ni barua ya mdai. Nikahangaika na jambo hili wiki nzima. Nilichokuja kukubali ni kwamba salamu haipotezi nafasi ikiwa inathibitisha unamjua unayemsalimu. "U buheri wa afya" inaweza kwenda kwa yeyote. "Natumai baridi ya Julai haijakuingilia kwenye banda" inakwenda kwa mfuga kuku wa Njoro au Molo, na yeye anajua hivyo. Salamu ikawa ndiyo sentensi yangu ya kuvutia.

Mwalimu wangu mwingine nilimpata ndani ya basi la Kisumu. Mwaka 1904 John E. Kennedy, mwandishi wa matangazo, alimwambia Albert Lasker, wa kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas huko Chicago, kwamba tangazo ni uuzaji uliotiwa kwenye chapa, yaani muuzaji aliyegeuzwa maandishi. Basi nikaona nimsikilize muuzaji asiyetiwa kwenye chapa. Unamjua, yule anayepanda Nakuru gari likiwa linajaa, anasimama katikati na begi lake. Alituamkia wote, akawatakia wasafiri safari njema, akaomba radhi kwa dereva na kondakta. Kisha akauliza, "Nani hapa hajawahi kuamka saa nane usiku kwa sababu ya jino?" Mzee mmoja mbele yangu akaligusa shavu lake.

Dawa hakuitaja bado. Alieleza usiku wenyewe: unageuza mto upande wa baridi, unanyonya karafuu, unahesabu saa mpaka kuche. Baadaye akapita na vijichupa akimpa kila mtu mkononi. "Shika tu, mzazi. Kushika si kununua." Tulivishika. Bei aliitaja tukiwa tumevishika, akaishusha mara mbili, na alipoanza kuvikusanya vingi havikurudi. Sijui dawa ile inaponya nini, na sitaki kuisifu. Nilichokifanya ni kuandika mpangilio wake kwenye daftari, na tulipoipita Salgaa nilikuwa nimegundua kwamba mpangilio huo ni wa ile barua ya kurasa nne ya Baba, hatua kwa hatua. "Kushika si kununua" hata ilikuwa na mwenziwe: chuo kilijitolea kutuma somo la kwanza kabla ya malipo.

Miezi miwili baada ya safari hiyo, mama mmoja anayetotolesha vifaranga nje kidogo ya Njoro akaniomba nimsaidie. Anauza kuku wa kienyeji walioboreshwa, vifaranga wa siku moja. Nilikuwa nimewahi kumwandikia ujumbe wa simu wa herufi 160 uliokwenda hivi: "OFA! OFA! Vifaranga bora, bei nafuu, wahi sasa!" Haukuleta hata simu moja. Safari hii nilimwambia sitaandika chochote mpaka nikae kwake siku mbili.

Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wa chumba cha mashine, nikasikiliza wateja. Walikuja wa Mau Narok, wa Molo, wengine wa hapa hapa. Niliwasubiri waulize bei. Bei waliuliza, lakini la kwanza lilikuwa jingine, na kila mmoja alilileta kwa njia yake. "Hawa ni wagumu?" "Wa mwisho walikufa kwa zamu." "Mume wangu hajui nimekuja." Huyu wa mwisho aliondoka bila kununua. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku wa Julai unauma, na kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumlinda. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Watu wengi walikuwa wamewahi kuamka asubuhi wakakuta rundo kwenye kona ya boksi.

Siku ya pili nilimwona mama akimulika mayai. Alikuwa kwenye giza na tochi, anainua yai moja moja, anatazama kama mishipa imeanza kuonekana, yasiyo na kitu anayatoa. Alitumia karibu saa nzima. Nikamwambia, "Mama, hili kwa nini hatulisemi?"

"Tuseme nini? Kila anayetotolesha hufanya hivi."

Nikamsimulia habari za Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, na bia ya Schlitz. Alipelekwa kutembezwa kiwandani Milwaukee, akaona vyupa vinavyosafishwa kwa mvuke na hewa inayochujwa, akauliza kwa nini hawawaambii wanywaji. Wakamjibu kwamba kila kiwanda kinafanya hivyo. Akaandika kuhusu hayo hayo ya kawaida, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa ameyaeleza. Mama akacheka, akasema basi niandike pia kwamba tochi anainunulia betri kila wiki. Nikaliandika.

Barua ilitoka kurasa mbili. Nimeipunguza hapa, lakini mwanzo wake ulikuwa hivi:

"Natumai baridi ya Julai haijakuingilia kwenye banda. Nakuandikia kuhusu saa nane za usiku. Saa hiyo makaa yamekuwa majivu, wewe umelala, na vifaranga wako wameanza kupandana kwenye kona wakitafuta joto. Wa chini hawapati hewa. Asubuhi utasema ni ugonjwa. Mara nyingi ni baridi."

Utaona "wewe" limo mara moja. Nililiacha makusudi, kwa kuwa hapo analinganishwa na makaa na vifaranga, na halimkemei.

Kisha barua inaeleza namna ya kumsoma kifaranga: wakijikusanya chini ya joto wanaona baridi, wakikimbilia ukutani wamezidiwa na moto, wakitawanyika wakila na kunywa wako sawa. Inataja chanjo ya ugonjwa wa Marek wanayochomwa siku ya kwanza kabla hawajatoka kwa mama, na zile za Newcastle na Gumboro ambazo mnunuzi lazima aziendeleze mwenyewe. Inaeleza tochi. Anayeisoma na asinunue amepata kitu. Nilibishana na mama juu ya hilo, akaona tunawafundisha watu bure. Nilimwambia mtu aliyepoteza vifaranga 50 hatanunua wengine mpaka aamini hawatakufa, na hatuwezi kumwaminisha bila kumfundisha.

Kabla ya kuchapisha nilimpelekea Baba. Alivaa miwani akasoma kwa kalamu nyekundu, kama anavyosoma kila kitu. Alisahihisha koma mbili. Akafika mwisho, penye bei na namba ya simu, akanyamaza.

"Na wakifa?"

Nikasema tumeeleza jinsi ya kuwatunza.

"Nimeona. Nauliza wakifa. Huyu mama amepokea pesa, vifaranga wamekwenda Molo, wiki ya kwanza mambo yameharibika. Barua inasema nini?"

Haikuwa inasema kitu. Nilirudi kwa mama na swali hilo nikalikuta gumu kwake, na kwa haki. Hawezi kulipia uzembe wa mtu aliyeacha vifaranga bila maji. Tulipiga hesabu jioni nzima kwenye karatasi ya mfuko wa chakula cha kuku. Alichokubali mwishoni ni hiki: atakayekufa ndani ya siku tatu za kwanza atarudishiwa mwingine, mnunuzi atume picha tu. Baada ya hapo hakuna kurudisha, ila simu yake itapokewa saa yoyote, hata usiku. Niliyaweka maneno hayo chini ya sahihi yake, mahali ambapo jicho la msomaji hukimbilia kabla hata hajarudi juu, na sikuyapamba.

Tulichapisha nakala 60. Majina kwenye bahasha niliyaandika kwa mkono, ya wateja wake wa zamani kutoka kwenye daftari lake la mauzo. Nusu zilikuwa na neno la kutaja ukipiga simu, nusu nyingine neno jingine, kwa sababu nilikuwa nimejaribu mianzo miwili. Wa saa nane za usiku ulishinda ule wa faida ya mayai, simu 11 kwa 3.

Wiki ya tatu nilikuwa kwake jioni, mvua inanyesha, tunapanga bahasha nyingine, simu yake ikalia. Saa tatu na nusu usiku. Mwanamke wa Molo, alichukua vifaranga 100 siku sita nyuma, kwa hiyo hata zile siku tatu zilikuwa zimepita. Alikuwa analia kidogo. Mama aliweka simu kwenye spika, akasukuma bahasha pembeni.

"Wamejikusanya au wametawanyika?"

"Wamejikusanya, mama. Wanalia."

"Haya. Una gunia kavu? Litundike upande upepo unakotoka, lakini dirisha la juu usilizibe, moshi wa makaa utawaua. Ongeza jiko. Wale wa katikati watenganishe kwa mkono, polepole. Simu usikate, nenda uwaangalie. Mimi niko hapa."